SAA, KITI NA KAZI: Jinsi Ofisi za Serikali Zilivyobadilika, Kibaha na Kisarawe

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima

Maneno ya kuandika ubaoni kabla ya kusikiliza: boma, karani, masjala, tarishi, zamu, kipande, madaraka, mtandao.

Wenye madaftari wayafungue. Nitasoma polepole, na mwisho wa kila sehemu nitanyamaza kidogo, mwalimu apate kuandika tarehe ubaoni.

Leo tutazungumza habari za ofisi. Wengi wetu twaijua ofisi tukiwa upande wa nje wa meza. Twafika asubuhi, twakaa kwenye benchi, twangoja kuitwa. Lakini najua katika madarasa haya wamo pia watu wanaofanya kazi ndani ya ofisi hizo: walinzi, wapishi wa shule, wahudumu wa hospitali, matarishi. Basi somo hili ni la pande zote mbili za meza.

Siku hizi twasikia habari mpya. Twasikia ya kuwa mtumishi wa serikali aweza kufanya kazi akiwa nyumbani kwake, au kuanza kazi kwa saa tofauti na mwenzake, au kutuma barua kwa kompyuta bila kushika jalada. Mwananchi anauliza, "Je, huu si uvivu uliovikwa koti jipya?" Na mtumishi anauliza, "Je, mimi niliyezoea karatasi nitafukuzwa?" Maswali yote mawili ni ya haki. Tutayajibu kwa kutazama nyuma, maana ofisi za serikali katika nchi yetu zimekwisha badilika mara nyingi. Twaweza kuona ni wapi mabadiliko yalifaa, na ni wapi yaliumiza watu.

1. Kazi kabla ya saa ya ukutani

Wazee wetu walifanya kazi kwa saa za jua, mvua na msimu. Mvua za masika zikikaribia, mtu alikuwa shambani tangu alfajiri. Jua likipanda, alipumzika kivulini. Kazi kubwa kama kufyeka au kujenga nyumba ilifanywa kwa ujima. Mwenye kazi aliwaita majirani, nao walikuja, na kesho yake aliwafuata kwao. Hapakuwa na mtu wa kuuliza, "Umefika saa ngapi?" Swali lilikuwa, "Shamba limelimwa?"

Tukumbuke swali hilo. Tutarudi kwake.

Kazi ya mshahara ilipokuja, ilikuja na karatasi. Hata neno letu la kibarua linatokana na barua. Kibarua ni barua ndogo, yaani kile cheti alichopewa mtu kwa kazi ya siku, kisha jina la cheti likawa jina la mwenye kukishika. Katika mashamba makubwa ya wakoloni, hasa mashamba ya mkonge, palikuwa na karatasi nyingine iliyoitwa kipande. Kipande kilikuwa na nafasi za siku 30. Mtu akimaliza sehemu yake ya kazi ya siku, alitiwa alama moja. Alama 30 zikitimia, alilipwa.

Mtu aweza kusema kipande kilikuwa na uhuru, maana aliyetaka kupumzika siku moja alipumzika, na akalipwa alama zilipotimia. Lakini mwenye kutia alama alikuwa msimamizi, na mfanyakazi hakuwa na sauti. Msimamizi akikataa kazi, siku ile ilipotea. Kwa hiyo twajifunza ya kuwa kulegeza siku au saa hakumsaidii mfanyakazi kama hana neno katika kupimwa kwa kazi yake.

2. Boma na karani

Sasa tutoke mashambani twende katika ofisi yenyewe. Wajerumani walitawala nchi hii tangu miaka ya 1880 hadi Vita Kuu ya Kwanza. Waliweka maboma, na chini ya boma wakaweka maakida na majumbe. Mwaka 1898 walianza kutoza kodi ya nyumba. Kodi ilihitaji daftari, na daftari lilihitaji karani. Hivyo ofisi ya kwanza ambayo watu wengi wa pwani waliijua ilikuwa ofisi ya kudai.

Waingereza walipokuja, sehemu ya Kisarawe na jirani zake ilijulikana kwa jina la wilaya ya Uzaramo. Shule zilikuwa chache, lakini moja ilikuwa mashuhuri: Chuo cha Mtakatifu Andrea, Minaki, kilichoanzishwa mwaka 1925 katika vilima karibu na Kisarawe. Katika shule za namna hiyo walitoka walimu, waganga na makarani wa nchi nzima.

Kazi ya karani wakati ule ilikuwa na sheria tatu ambazo hazikuandikwa lakini kila mtu alizijua. Ya kwanza, uwe mahali pako saa iliyowekwa. Ya pili, jalada lisitoke masjala bila saini. Ya tatu, mkubwa asipoamua, wewe ngoja. Sheria hizo zilikuwa na faida yake, maana karatasi hazikupotea. Lakini zilimfundisha mtumishi kutazama juu, kwa Bwana Shauri, wala si mbele yake, kwa mwananchi aliyekaa kwenye benchi. Desturi hiyo ilikaa kwa muda mrefu kuliko wakoloni wenyewe.

(Hapa mwalimu aandike: 1898, kodi ya nyumba. 1925, Minaki.)

3. Uhuru na kituo cha Kibaha

Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru. Bendera ilibadilishwa usiku mmoja. Lakini ofisi haikuweza kubadilishwa usiku mmoja. Waafrika walioshika kazi za juu na za kati katika serikali walikuwa wachache, na maofisa wengi wa Kiingereza walikuwa wakifunga mizigo. Mtu aliyekuwa karani jana aliweza kuambiwa leo ashike kiti cha mkubwa wake. Hebu fikirini jambo hilo. Heshima ilikuwa kubwa, na hofu ilikuwa kubwa pia.

Wakati huo huo, kiasi cha kilomita 40 kutoka Dar es Salaam katika barabara ya Morogoro, kazi ya namna nyingine ilianza. Mwaka 1963 ulianzishwa mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki, zikiwamo Denmaki, Ufini, Norwei na Uswidi. Mahali pake palikuwa Kibaha. Kituo kilikuwa na sehemu tatu: shule ya sekondari, chuo cha kufundisha wakulima, na kituo cha afya. Sehemu hizo tatu zililingana na maadui watatu ambao serikali ilikuwa imetangaza vita dhidi yao, yaani ujinga, umaskini na maradhi.

Kituo cha Kibaha chatufaa katika somo hili kwa sababu tangu mwanzo ilijulikana ya kuwa wageni wataondoka. Tarehe 10 Januari 1970 nchi za Nordiki zilikabidhi kituo kwa Serikali ya Tanzania, nacho kikaitwa Shirika la Elimu Kibaha. Shule haikufungwa siku ile, wala wagonjwa hawakurudishwa makwao. Kituo cha afya kiliendelea kukua hata kikawa hospitali ya Tumbi, ambayo watu wengi wa Mkoa wa Pwani wanaijua.

Tazameni tofauti iliyopo. Katika ofisi nyingi mwaka 1961 na 1962, mabadiliko yalikuja kwa haraka, na mtumishi alijifunza akiwa tayari ameketi kitini. Kibaha, palikuwa na miaka kadhaa kati ya kuanza na kukabidhi. Miaka hiyo ilikuwa nafasi ya kujifunza. Muda wa kujifunza ni sehemu ya kazi yenyewe, na anayeunyima anailipia baadaye.

4. Mwaka 1967: ofisi yajifunza kusema

Badiliko la tatu lilihusu lugha. Katika maboma ya Waingereza barua kubwa ziliandikwa kwa Kiingereza. Mwananchi aliyejua Kiswahili tu alipokea karatasi asiyoweza kuisoma, akatafuta mtu wa kumsomea, na mara nyingine akamlipa. Mwaka 1967 Makamu wa Pili wa Rais, Ndugu Rashidi Kawawa, alitangaza ya kuwa Kiswahili kitumike katika shughuli za serikali. Mwaka huo huo liliundwa Baraza la Kiswahili la Taifa, ambalo twaliita BAKITA.

Wengi hufikiri badiliko hilo lilikuwa jepesi kwa sababu kila mtu alikwisha jua Kiswahili. Sivyo. Kusema Kiswahili sokoni ni jambo moja, na kuandika taarifa ya fedha kwa Kiswahili ni jambo jingine. Karani aliyezoea maneno ya barua za Kiingereza kwa miaka 20 ilimpasa kujifunza upya namna ya kuandika. Maneno yalitafutwa, mengine yaliundwa, mengine yalikataliwa na watu yakafa. Lakini badiliko hili lilikuwa na nguvu moja. Mtumishi alijua ni kwa faida ya nani. Mtu anayejua sababu ya kusumbuka huvumilia usumbufu.

Na mwananchi naye alikuwa na kazi yake. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma wala kuandika. Barua ya Kiswahili haimsaidii asiyejua kusoma. Kwa hiyo serikali ilitangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ilifuata kampeni kubwa ya redio ya "Mtu ni Afya". Vikundi vilikaa chini ya miti vikisikiliza redio na kujadili, kama ninyi mnavyofanya sasa.

Angalieni pia saa za madarasa hayo. Darasa la watu wazima haliwezi kuwa asubuhi, maana mwanafunzi yuko shambani. Kwa hiyo lilifanywa alasiri au jioni. Mwalimu ndiye aliyebadilisha saa zake, si mwanafunzi. Mwaka 1973 waajiri nao waliagizwa waweke mafunzo mahali pa kazi, ili mfanyakazi asome ndani ya maisha yake ya kazi. Hivyo jambo hili la saa za kubadilika, ambalo watu wanadhani ni geni, madarasa ya kisomo yalilijua zamani.

5. Mwaka 1972: madaraka yahamia mikoani

Badiliko la nne lilikuwa kubwa kuliko yote. Mwaka 1972 serikali ilileta mpango wa Madaraka Mikoani. Maana yake ilikuwa hii: mambo ya maendeleo yasiamuliwe tena Dar es Salaam peke yake, bali mikoani na wilayani. Waliwekwa wakurugenzi wa maendeleo wa mikoa na wa wilaya. Maofisa wengi walitoka katika wizara za mji mkuu wakapelekwa mikoani. Mwaka huo huo, huko Mzumbe, Morogoro, kiliundwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo ili kufundisha maofisa wa kazi hiyo.

Nia ilikuwa njema. Mtu wa Maneromango asingoje jibu litoke wizarani. Lakini pamoja na kuhamisha maofisa, mpango huo uliziondoa halmashauri za wilaya, yaani vikao vya madiwani waliochaguliwa na watu. Maofisa walikaribia mwananchi kwa maili, lakini mwananchi hakuwa na mjumbe wa kuwauliza habari ya kazi yao. Halmashauri zilirudishwa mwaka 1984, kwa sheria zilizotungwa mwaka 1982. Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika mazungumzo yaliyochapishwa mwaka 1984, alikiri ya kuwa kuziondoa kulikuwa kosa.

Basi tuandike somo hili: kuhamisha kiti si kuhamisha kazi. Unaweza kumtoa ofisa Dar es Salaam ukamweka Kisarawe, na bado akatazama juu badala ya kutazama mbele. Vivyo hivyo waweza kumtoa ofisini ukamweka nyumbani kwake na kompyuta, na bado jalada la mwananchi likalala.

(Nitanyamaza kidogo. Mwalimu aandike: 1970, 1972, 1984.)

6. Waliopunguzwa, na waliorudishwa

Sasa tufike kwenye sehemu yenye uchungu. Katika miaka ya 1990 serikali ilifanya mageuzi ya utumishi kwa sababu fedha zilikuwa chache na watumishi walikuwa wengi. Makumi ya maelfu ya watu walipunguzwa kazini. Walikuwamo matarishi, wahudumu na wapiga chapa. Kisha kompyuta zikaja, na mashine za chapa zikawekwa stoo. Mpiga chapa aliyepewa mafunzo alihamia kwenye kompyuta akaendelea. Aliyekosa mafunzo alibaki akiitazama tu.

Mwaka 2004 serikali ilianza kupima kazi ya kila mtumishi kwa malengo yaliyoandikwa kwenye fomu, na utaratibu huo uliitwa OPRAS. Baadaye ulianza mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji unaoitwa PEPMIS, nao ukachukua nafasi ya zile fomu. Wazo ni lile lile la wazee wetu: shamba limelimwa? Mtu apimwe kwa kazi iliyofanyika.

Lakini kipimo kikiwa ndani ya kompyuta, nani anaweza kukitumia? Mwaka 2018 serikali iliagiza ya kuwa watumishi wenye elimu ya darasa la saba walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004, na ambao walikuwa wameondolewa kazini, warudishwe. Walikuwa watu waliofanya kazi miaka mingi. Elimu waliyoajiriwa nayo ilikuwa halali siku waliyoajiriwa. Sharti ndilo lililobadilika, wao wakiwa njiani. Ndugu wanafunzi, ndiyo maana somo hili si hadithi ya ofisi tu. Mlinzi anayejifunza kusoma jioni anajilinda na yeye mwenyewe.

7. Kufanya kazi nje ya ofisi

Tufike sasa katika habari iliyotuleta hapa. Je, nani aliyeanza utaratibu wa saa za kubadilika maofisini? Mfano unaojulikana sana ni wa Ujerumani. Mwaka huo huo wa 1967, wakati sisi tulipokuwa tukibadili lugha ya ofisi, kiwanda kimoja cha ndege huko Ottobrunn, karibu na München, kiliruhusu wafanyakazi wafike na kuondoka kwa saa tofauti. Sababu ilikuwa ya kawaida kabisa. Wote walipofika kwa wakati mmoja barabara ilijaa magari, na watu walichelewa. Basi waliweka saa za katikati ambazo kila mtu sharti awepo, na saa za pembeni ambazo kila mtu alijichagulia.

Nasi Watanzania tunayo sheria inayogusa jambo hili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Lakini pia inaruhusu mwajiri na mfanyakazi wapatane kwa maandishi ili mfanyakazi afanye kazi hadi saa 12 kwa siku, mradi zisizidi siku 5 wala saa 45 za kawaida kwa wiki. Na mama anayenyonyesha ana haki ya kupewa hadi saa 2 kwa siku, ndani ya saa za kazi, amnyonyeshe mtoto wake. Andikeni neno hili: kwa maandishi. Ruhusa ya mdomo husahauliwa, na anayesahau huwa ni mkubwa.

Mwaka 2020 ulipoingia ugonjwa wa korona, nchi nyingi ziliwaambia watumishi wakae nyumbani. Jirani zetu wa Kenya walihimiza hivyo mwezi wa Machi. Hapa kwetu shule na vyuo vilifungwa mwezi huo huo, na masomo mengine yakafundishwa kwa redio na televisheni. Vyuo na kidato cha sita vilifunguliwa tarehe 1 Juni, na shule nyingine tarehe 29 Juni. Tarehe 27 na 28 Januari 2025 viongozi wa nchi za Afrika walikutana Dar es Salaam kwa mkutano wa nishati, barabara zikafungwa, na watumishi wa umma wa mji huo wakaelekezwa kufanyia kazi nyumbani, isipokuwa wale ambao kazi yao yadai wawepo. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, baada ya siku ya uchaguzi ya tarehe 29, watumishi waliambiwa tena kufanyia kazi nyumbani. Lakini siku hizo intaneti ilikuwa imezimwa. Mtu mwenye kazi yote ndani ya mtandao, na mtandao haupo, atafanya kazi gani? Kufanyia kazi nyumbani kunahitaji vifaa, umeme na mtandao, na amri peke yake haviwezi kuvileta.

Tena tusidhani ya kuwa jambo hili ni la watu wa kompyuta tu. Muuguzi wa Tumbi anafanya kazi kwa zamu, mchana na usiku, na hakuna ajabu. Bwana shamba wa Mzenga hana faida akikaa ofisini Kisarawe saa nane. Mkulima yuko shambani asubuhi, na bwana shamba sharti awe huko asubuhi. Mtendaji wa kijiji huitwa usiku watu wakigombana juu ya mpaka. Hao wote walifanya kazi nje ya kiti zamani sana. Jambo jipya ni kwamba sasa karani naye anaweza.

8. Mambo manne ya kumsaidia mtumishi

Kutokana na historia hii, twaweza kusema mambo manne. Mabadiliko yoyote ya ofisi yakikosa hata moja, mwananchi ndiye atakayelipa.

Jambo la kwanza ni mafunzo kabla ya amri. Kibaha ilipewa miaka kabla ya kukabidhiwa. Mtumishi wa masjala wa miaka 50 asipewe kompyuta Jumatatu na kulaumiwa Ijumaa. Afundishwe na mtu mvumilivu, na afundishwe katika saa za kazi.

Jambo la pili ni haki kati ya kazi na kazi. Mpishi wa shule hawezi kupika akiwa nyumbani kwake, wala mlinzi hawezi kulinda lango kwa simu. Kama ofisa anapewa nafasi ya kubadili saa, basi mpishi na mlinzi wapewe zamu zilizopangwa mapema, ili nao wajue siku ya kumpeleka mtoto kliniki. Uhuru wa wachache huleta kinyongo, na kinyongo huharibu kazi kuliko uchelewaji.

Jambo la tatu ni kipimo. Katika ofisi nyingi watu wanajua ile hila ya koti. Mtu huacha koti juu ya kiti, akaenda shughuli zake, na anayepita huamini mwenye koti yu karibu. Daftari la mahudhurio limesainiwa, kiti kimevaa koti, lakini mwananchi hana jibu. Koti haliandiki barua. Tukipima kiti, tutapata koti. Tukipima barua iliyojibiwa, tutapata kazi, hata kama mwandishi wake aliiandika akiwa Mlandizi au Soga.

Jambo la nne ni kumwambia mwananchi. Ofisi nyingi za serikali hufunguliwa saa moja na nusu asubuhi na kufungwa saa tisa na nusu alasiri. Mwananchi anayetoka kijijini huzijua saa hizo, na nauli yake huipanga kwa saa hizo. Mtumishi akibadilisha zamu bila kutangaza, mwanamke aliyetoka Maneromango na nauli aliyokopa ataambiwa, "Hayupo, njoo kesho." Neno hilo, "njoo kesho", ni mzigo. Nauli ya kesho hana. Kwa hiyo palipo na utaratibu mpya, pawe na tangazo mlangoni kwa herufi kubwa, na pawe na mtu wa zamu anayeweza kujibu kwa niaba ya mwenzake. Jalada ni la serikali. Si la karani anayelishika.

Mababu zetu walisema, ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo. Ofisi nayo ni hivyo. Tangu boma la kodi hadi kompyuta ya leo, majina ya vyeo yamebadilika, lugha imebadilika, viti vimehama. Swali limebaki moja, nalo ni lile la ujima: shamba limelimwa? Mtumishi aulizwe hilo, apewe jembe la kufaa, na afundishwe kulishika. Nawe mwananchi, jifunze kusoma tangazo la mlangoni, jifunze kuandika malalamiko yako na kuweka tarehe, maana ofisi iliyobadilika inamhitaji mwananchi aliyebadilika.

Maswali ya mazungumzo darasani

1. Kipande kilimwachia mfanyakazi siku za kupumzika. Kwa nini twasema hakikumpa uhuru?

2. Tofauti ilikuwa gani kati ya mabadiliko ya mwaka 1961 maofisini na kukabidhiwa kwa kituo cha Kibaha mwaka 1970?

3. "Kuhamisha kiti si kuhamisha kazi." Toeni mfano kutoka katika kijiji au mtaa wenu.

4. Katika shule, zahanati au ofisi iliyo karibu nanyi, ni kazi zipi zinaweza kufanywa kwa saa za kubadilika, na zipi haziwezi? Wale ambao hawawezi watendewe nini ili kuwe na haki?

5. Zoezi la kuandika: kila mwanafunzi aandike tangazo fupi la mlangoni, maneno yasiyozidi 20, la kuwaambia wananchi saa za ofisi na jina la cheo cha mtu wa zamu. Mwalimu achague moja, na darasa lilisome pamoja kwa sauti.

Wakati wa somo lijalo, yule aliyeachwa nyuma na mvua au na kazi akaribishwe, apewe daftari la jirani anakili.